Rufaa ya mjomba

Mjomba alipatikana na hatia ya kula njama ya kuingiza miraa Marekani. Miraa yenyewe hakuikana. Kwao Maua watu husomesha watoto kwa zao hilo. Alichokana ni kujua kwamba ndani ya majani yale mna kathinoni, kemikali ambayo tangu 1993 sheria ya shirikisho imeiweka kundi moja na heroini. Mmea wenyewe haukutajwa kwenye orodha.

Nilidhani rufaa ingetupa nafasi ya kueleza mambo upya. Wakili wetu alinikatiza. "Hakuna shahidi atakayesikilizwa. Tena itabidi tuchukulie kwamba shahidi wa serikali alisema kweli."

Damu ilinipanda. Yule mtu tulimjua: alikuwa mshirika wa mjomba, akakiri kosa ili apunguziwe kifungo. Leo tumwite mkweli? Ndipo wakili akanieleza kesi ya Jackson dhidi ya Virginia, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1979. Ushahidi wote husomwa kwa kuipendelea serikali, kisha swali ni moja: je, juri yoyote (wale raia wanaoamua kama mtu ana hatia) yenye akili timamu ingeweza kumwona ana hatia pasipo shaka ya maana? Majaji wenyewe wangeamuaje, hilo haliulizwi. Lakini tukishinda kwa hoja hiyo, kwamba ushahidi hautoshi, mjomba hashtakiwi tena kwa kosa lilelile. Tukaishikilia.

Kesi ilisikilizwa Manhattan, katika jengo lenye jina la Thurgood Marshall, ghorofa ya 17. (Ndiye Marshall, mwanasheria Mmarekani, aliyewasaidia wajumbe wa Kenya kuandika haki za raia kule London mwaka 1960. Nililiwaza hilo kwenye lifti, ingawa halikutusaidia kitu.) Majaji watatu, mjomba hayupo. Wakili alisema vifurushi vya miraa kuandikwa "chai" kunaonyesha mtu anaficha, hakuonyeshi anajua ni dawa iliyopigwa marufuku.

"Sasa alificha nini?" jaji mmoja akauliza.

"Majani yanayozuiwa forodhani, mheshimiwa. Kujua hilo si kujua kuna kathinoni."

Lilikuwa jibu zuri. Mpaka leo naona lilikuwa zuri. Taa nyekundu ya kuonyesha muda umekwisha ikawaka, akaketi.

Uamuzi ulikuja baadaye, kurasa chache tu: hukumu ibaki vilevile. Mjomba alipopiga simu kutoka gerezani nilimsomea kwa Kiswahili.

"Kwa hiyo wamesema nilijua?"

"Hapana, mjomba. Wamesema juri ingeweza kuamini kwamba ulijua."

"Basi mwambie mama yako hivyohivyo. Usiongeze neno."