Kumbukumbu ya Wiki 26: Kibofu Kilichoshuka, Mkao na Mazoezi

Kumbukumbu hii nimeitoa katika daftari dogo ambalo kila jioni niliandika humo mambo matatu tu: mazoezi niliyoyafanya siku hiyo, saa ambayo uzito ulianza kusikika ukeni, na kazi niliyokuwa nikiifanya uliposikika. Jambo la tatu nililiongeza baadaye, na ndilo lililonifundisha zaidi kuliko mengine yote.

Mwanzo wake ulikuwa miezi 7 baada ya kujifungua mtoto wangu wa tatu. Nilikuwa naoga jioni, vidole vyangu vikagusa uvimbe laini, wenye unyevunyevu, mfano wa yai dogo lililomenywa, pale kwenye mlango wa uke. Asubuhi yake haukuwapo. Daktari wa magonjwa ya wanawake alinipima nikiwa nimelala chali, akanitaka nizuie pumzi na kusukuma kwa nguvu, na ukuta wa mbele wa uke, ule unaoegemewa na kibofu cha mkojo, ukashuka hadi sentimita 1 nje ya mlango. Hilo ni daraja la 2 katika kipimo kinachoanzia 0 hadi 4. Kizazi nacho kilikuwa kimeshuka, ila kidogo tu. Nilimuuliza kama ni lazima nifanyiwe upasuaji, akanijibu kwamba si kwa sasa. Baadaye nilisoma mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, wa mwaka 2019, unaopendekeza kwamba mwanamke mwenye dalili, ambaye yuko daraja la 1 au la 2, apewe kwanza mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga chini ya msimamizi kwa muda usiopungua wiki 16. Niliandika namba hiyo kwenye jalada la daftari, ili nisije nikakata tamaa wiki ya tatu.

Wiki ya 1 na ya 2

Kabla ya zoezi lolote nilitaka kuelewa nini kinabeba nini. Sakafu ya nyonga ni misuli iliyotandikwa kama machela, kutoka mfupa wa kinena kwa mbele hadi kifandugu kwa nyuma, na juu yake kuna kibofu, kizazi na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Viungo hivyo vinashikiliwa kwa namna mbili: kano na tando vinavining'iniza kutoka juu na pembeni, na misuli inavibeba kutoka chini. Uzazi wa njia ya kawaida unaweza kuivuta misuli hiyo kupita kiasi, na wakati mwingine huibandua kabisa kutoka kwenye mfupa wa kinena, hasa mtoto anapovutwa kwa koleo. Misuli ikilegea, mzigo wote unaziangukia kano, nazo hazikuumbwa kubeba uzito kutwa nzima. Mazoezi hayawezi kukaza kano iliyovutika. Yanaweza kuimarisha misuli ili kano zipumzike. Tofauti hiyo ilinisaidia kujua nitarajie nini na nisitarajie nini.

Nilikwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia nikijiamini, kwa sababu nilikuwa nimeshabana misuli hiyo kila siku tangu nijifungue. Alivaa glavu, akaweka kidole ndani, akaniambia nibane kama ninavyobana nyumbani. Nikabana kwa nguvu zangu zote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mama, hapo umesukuma, hujavuta." Kwa miezi 7 nilikuwa nikizuia pumzi, nikikaza tumbo na makalio, na kuusukuma chini ukuta uleule niliotaka kuupandisha.

Nimekuja kujua kwamba kosa hili ni la wengi na ni la zamani. Arnold Kegel, daktari wa Marekani aliyechapisha makala yake kuhusu mazoezi haya mwaka 1948, hakuwaachia wanawake wabane kwa kubahatisha. Aliwapa kifaa cha kupima mbano ndani ya uke, ili kila mmoja aone kwa macho yake kama misuli imefanya kazi. Watu walilichukua jina lake, wakayaita mazoezi ya Kegel, na kuliacha fundisho lake. Ndiyo maana ninamsihi kila anayeanza ahakikishe kwanza anavuta juu. Njia nyepesi ya nyumbani ni kulala ubavu, kuweka ncha za vidole kwenye msamba, kati ya uke na njia ya haja kubwa, kisha kubana kana kwamba unazuia upepo usitoke. Msamba ukiingia ndani na kuviacha vidole, umevuta. Ukivisukuma vidole nje, umesukuma.

Wiki ya 3 hadi ya 5

Nilianza kwa mbano wa sekunde 4, kwa sababu ya tano misuli ilikuwa ikitoroka na makalio yakiingilia kati. Lengo nililopewa lilikuwa kufikia mibano 10 ya sekunde 10 kila mmoja, ikifuatwa na mibano 10 ya haraka, mara tatu kwa siku. Kati ya mbano na mbano nilipumzika kwa muda uleule niliobana, na kupumzika huko ni sehemu ya zoezi, kwani misuli isiyoachia haiwezi kuvuta tena. Ilinichukua hadi mwisho wa wiki ya 5 kufikia sekunde 8 nikiwa nimelala. Nikisimama sikuzidi 5.

Kilichobadilisha hali ni pumzi. Unapovuta pumzi, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kinashuka, na sakafu ya nyonga inashuka nacho kidogo. Unapotoa pumzi, vyote viwili vinapanda. Nilikuwa nikibana wakati wa kuvuta pumzi, yaani nikishindana na mwili wangu mwenyewe. Nilipoanza kubana huku nikitoa pumzi taratibu mdomoni, niliusikia ukuta ukipanda bila purukushani yoyote.

Wiki ya 6 na ya 7

Hapa ndipo safu ya tatu ya daftari ilipoanza kusema. Nilikuwa nimedhani kuwa uzito unaletwa na kutembea, lakini kumbukumbu zilionyesha vingine. Siku nilizotembea sana uzito ulikuja saa kumi na moja jioni. Siku nilizokaa kwa saa nyingi nimejikunja kwenye kiti laini, huku nikimnyonyesha mtoto, ulikuja saa saba mchana.

Nilijitazama kwenye kioo nikiwa nimekaa hivyo. Kiuno kilikuwa kimebetuka kwa nyuma, uzito wote ukiwa juu ya kifandugu, mbavu zimeshukia tumbo na tumbo limetokeza mbele. Katika mkao huo misuli ya sakafu ya nyonga hulegea, na shinikizo la ndani ya tumbo halina pa kwenda ila chini. Nilibadilisha kiti, nikachukua taulo, nikaikunja mara nne na kuiweka chini ya makalio kwa upande wa nyuma, ili nyonga iiname mbele kidogo na nikalie ile mifupa miwili ya makalio inayogusa kiti. Mgongo wa chini ukapata upinde wake wa kawaida pasipo mimi kuulazimisha. Nilibana nikiwa nimejikunja, kisha nikabana nikiwa nimekalia taulo. Mbano wa pili ulikuwa mwepesi kuupata na ulipanda juu zaidi. Mtu yeyote anaweza kulijaribu jambo hili sasa hivi hapo alipokaa.

Kusimama kulinipa shida zaidi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisimama huku nimekaza makalio na kuingiza kifandugu ndani, kwa kuwa niliambiwa ujanani kwamba ndivyo tumbo linavyofichika. Sasa nilijifunza kuacha makalio yalegee, kuweka uzito katikati ya nyayo badala ya vidoleni, na kuziacha mbavu zikae juu ya nyonga bila kuzitupa mbele kama askari wa gwaride. Tumbo langu linaonekana zaidi nikisimama hivyo, na nimeridhika liwe hivyo.

Hata hivyo, sharti niseme wazi ninachoamini kuhusu mkao, kwa sababu wapo wanaouuza kama tiba kamili. Mkao mzuri uliahirisha uzito wangu kwa saa kadhaa na kuyafanya mazoezi yawe na faida. Hakuna siku ambayo mkao peke yake ulirudisha kibofu mahali pake. Mwanamke anayeahidiwa kwamba kiungo kitarudi kwa kusimama vizuri tu anachelewa kufanya kazi ambayo ingemsaidia kweli.

Wiki ya 8 na ya 9

Wiki mbili mbaya. Nilipata choo kigumu kwa siku nne, nikajikamua, na uvimbe ukarudi mkubwa kuliko siku ya kwanza. Nililia bafuni. Mtaalamu aliponiona alinieleza kuwa misuli haikuwa imepoteza kitu, bali nilikuwa nimeusukuma ukuta kwa shinikizo kubwa mara kwa mara, na kwamba kunyosha mambo ya choo si jambo la pembeni kwa mwenye tatizo hili.

Tangu hapo ninaweka kibao cha kukanyagia mbele ya choo cha kukalia, ili magoti yawe juu kuliko nyonga, kisha ninainama mbele na kuegemeza viwiko mapajani. Mkao huo wa nusu kuchuchumaa huulegeza msuli unaoizunguka puru kama kombeo na kuikunja, na njia ikinyooka haja hutoka pasipo kukamua. Nikiona ninahitaji nguvu, ninalegeza taya na kutoa pumzi ndefu kana kwamba ninapuliza kioo ili kipate ukungu. Ikishindikana ninainuka na kurudi baadaye. Maji na vyakula vyenye nyuzinyuzi sikuvipuuza tena. Usiku wa siku zile ngumu nililala chali kwa dakika 15 nikiwa na mto chini ya nyonga, na uzito uliondoka.

Wiki ya 10 hadi ya 15

Nilifika sekunde 10 nikiwa nimesimama. Sasa kazi ilikuwa kuutoa mbano kitandani na kuupeleka kwenye maisha. Kuna mbinu iliyochunguzwa katika utafiti wa mwaka 1998, ambapo wanawake waliovujwa na mkojo walifundishwa kubana kabla tu ya kukohoa, na uvujaji ukapungua. Nimeifanya kuwa desturi kabla ya kukohoa, kupiga chafya na kunyanyua. Nikimnyanyua mtoto kutoka sakafuni sasa mpangilio ni huu: ninapiga goti moja, ninamvuta hadi agusane na kifua changu, ninaanza kutoa pumzi, ninabana, ndipo ninainuka. Mwanzoni ilikuwa lazima niyawaze yote manne kwa zamu, na mtoto alikuwa akinishangaa nikiwa nimekwama nusu njia. Kufikia wiki ya 14 mwili ulikuwa ukiyafanya wenyewe, isipokuwa nikiwa na haraka.

Niliongeza pia kuinua nyonga nikiwa nimelala chali, kuchuchumaa nikishikilia mlango, na kutembea kwa dakika 30. Kigezo changu kilikuwa kimoja: nikihisi kitu kinashuka wakati wa zoezi, nimezidisha, nami ninapunguza siku hiyohiyo. Kukimbia na kuruka sikugusa.

Katika kipindi hiki nilipewa pete ya silikoni, ambayo huwekwa ndani ya uke ili kuegemeza kuta. Niliivaa siku nilizojua nitasimama kwa saa nyingi, na sikuona kama ni kushindwa. Fimbo ya kutembelea haimzuii mtu kuimarisha mguu.

Wiki ya 16

Wiki niliyoiandika kwenye jalada. Uzito ulikuwa ukija siku mbili kwa wiki badala ya kila siku, na mara nyingi baada ya saa mbili usiku. Jioni hiyo nilisoma tena kuhusu jaribio la POPPY, lililochapishwa katika jarida la Lancet, ambalo lilihusisha wanawake 447 wa daraja la 1 hadi la 3 katika Uingereza, New Zealand na Australia. Waliofundishwa mazoezi mmoja mmoja walikuwa na dalili chache baada ya miezi 12 kuliko waliopewa kipeperushi cha ushauri peke yake. Kilichonigusa ni hilo neno "mmoja mmoja". Kipeperushi nami nilikuwa nacho, tangu siku niliyotoka wodini, na kwa kipeperushi hicho nilisukuma kwa miezi 7.

Wiki ya 26

Daktari yuleyule alinipima tena, asubuhi kama mara ya kwanza, kwa sababu kipimo cha asubuhi na cha jioni havilingani. Ukuta wa mbele sasa unaishia usawa wa mlango wa uke nikisukuma kwa nguvu. Kwa hesabu bado ni daraja la 2, maana daraja hilo huanzia sentimita 1 ndani na kuishia sentimita 1 nje. Mbano wangu umekuwa na nguvu maradufu kidoleni mwa mtaalamu, na katika siku 30 zilizopita daftari lina alama 3 tu za uzito: mbili ni za siku za mafua na kikohozi, na moja ni ya siku niliyohamisha kabati peke yangu.

Amenionya kwamba nisisubiri miadi nikishindwa kukojoa, nikiona damu nisiyoitarajia, au uvimbe ukitoka na kukataa kurudi. Mibano nimeipunguza kuwa mara moja kwa siku, baada ya kupiga mswaki usiku. Taulo bado iko kitini. Kuanzia wiki ijayo nitajaribu kukimbia polepole kwa dakika 1 na kutembea kwa dakika 4, nikiwa nimevaa pete, na safu ya nne ya daftari nimeshaichora kwa ajili hiyo.