Inafaulu mateso, inaganda ikipumzika: kumbukumbu ya i5-2500K yangu

Mashine yenyewe: Intel Core i5-2500K, prosesa ya mwaka 2011, yenye viini vinne, kasi ya kiwandani 3.3 GHz na 3.7 kwa Turbo. Ubao mama ni wa chipseti ya Z77, RAM ni GB 16 za DDR3, na hitisinki (kipoza joto cha prosesa) ni ya mnara yenye feni ya milimita 120. Niliinunua kwa mtu hapa Dar es Salaam ikiwa tayari imepandishwa kasi kupita ya kiwandani, hadi 4.5 GHz. Nataka ibaki huko juu au jirani na huko, kwa sababu jioni nakata video za harusi na sendofu, na kasi ya prosesa inaonekana waziwazi kwenye muda wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika.

Tatizo: inaganda. Picha inasimama, mausi haisogei, inabidi kubonyeza swichi hadi izime. Mara chache inatoa skrini ya bluu yenye namba 0x124, yaani Windows imepokea taarifa ya kosa la kifaa.

Kurudi kiwandani

Nimerudisha kila kitu cha BIOS (mipangilio ya ndani ya ubao mama) kwenye hali ya kiwanda na kufanya kazi zangu za kawaida. Haijaganda. MemTest86+, programu ya kupima RAM, imezunguka usiku kucha bila kosa hata moja. Hatua hii watu wengi wanaruka kwa haraka ya kuongeza volteji, lakini bila hiyo huwezi kujua kama unatafuta kosa la mipangilio au kipande kibovu. Sasa nina uhakika kuwa RAM, pawa saplai na prosesa viko sawa kwa kasi yao halali.



Kurudisha mipangilio niliyoikuta

Kizidisho 45 mara saa ya msingi 100 MHz, ndiyo 4.5 GHz; ofseti ya volteji (nyongeza au punguzo) −0.045; na LLC, fidia ya volteji nitakayoieleza chini, kwenye ngazi ya juu kabisa. Saa ya msingi sigusi. Kwenye kizazi hiki imefungwa pamoja na PCIe na SATA, njia za kadi na za diski, ukiipandisha kidogo tu unayumbisha hadi diski. Herufi K kwenye jina ndiyo inayokupa ruhusa ya kupanda kwa kizidisho, basi tutumie hicho.

Prime95, programu ya kuibebesha prosesa mzigo mzito, kwa FFT ndogo (jaribio lake linalotoa joto kali), imeitesa usiku mzima. Chumba kilikuwa nyuzi 31, viini vikafika 77, volteji chini ya mzigo 1.33. Hakuna kosa. Asubuhi nimesimamisha jaribio na kuiacha na ukurasa mmoja wazi, na kabla sijamaliza chai imeganda.

Nimefungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, na kupanga kumbukumbu za WHEA-Logger, yaani za makosa ya vifaa, kwa muda. Zimo nyingi za namba 19, yaani makosa ambayo prosesa imeyagundua na kuyarekebisha yenyewe. Hizi ni dalili za mapema, zinakuja kabla ya kuganda kwenyewe, na ningemshauri kila anayepandisha kasi azizoee. Nikazilinganisha na ratiba ya kazi: hakuna hata moja iliyotokea wakati wa Prime95 wala wakati wa kurenda. Zote zimetokea mashine ikiwa haina kazi, au nikisoma kitu na kuteremsha ukurasa.

Hapo nikaacha kufikiria joto.

Kwa nini ianguke ikiwa imepumzika

Prosesa hii ikikosa kazi inashuka hadi kizidisho 16, yaani 1.6 GHz, na volteji inashuka nayo. Kazi ikija inaruka hadi 45 kwa kufumba na kufumbua. Ofseti haichagui: ukiandika −0.045 inapunguza huko juu na huku chini pia.

Kisha kuna LLC. Kwa kawaida, mkondo unapoongezeka volteji inayofika kwenye prosesa inashuka kidogo, kama presha ya bomba nyumbani watu wote wakifungua maji kwa wakati mmoja. LLC inafidia huko kushuka. Ikiwa kwenye ngazi ya juu, volteji haishuki kabisa, na kwenye bodi nyingine inapanda zaidi. Kwa hiyo aliyepanga mashine hii alilazimika kuweka ofseti hasi ili asizidi 1.33 kwenye mzigo. Kwenye mzigo hesabu yake ni nzuri. Lakini mzigo ukiondoka, makato yanabaki na fidia haipo. HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, imenionyesha volti 0.91 kwenye mapumziko.

Kuthibitisha kabla ya kurekebisha

Sikutaka kubadilisha ofseti kwa kubahatisha. Kwenye mpango wa umeme wa Windows, kiwango cha chini cha prosesa huwa asilimia 5 kwenye mpango wa kawaida. Nimekiweka 100, ili ibaki kwenye kizidisho 45 hata ikiwa haina kazi. BIOS sijaigusa. Wikiendi nzima imekaa wazi: haijaganda, na kumbukumbu mpya ya WHEA hakuna. Nimerudisha 5, jioni ileile imeganda. Jaribio hili ni la bure na halina hatari, na limenipa jibu ambalo Prime95 isingenipa hata ingeendeshwa mwezi mzima.

Marekebisho

LLC nimeishusha hadi ngazi ya kati na kuacha volteji ishuke kidogo kwenye mzigo, kama wabunifu walivyokusudia. Ofseti nimeipandisha hatua kwa hatua hadi ikawa chanya kidogo. Mapumzikoni sasa inasoma 0.99. Ila ili nipate tena 1.33 kwenye mzigo kwa 4.5 GHz, volteji ya kazi nyepesi imefika 1.38, na hiyo siipendi kwa prosesa ya umri huu.

Nimeshuka hadi 4.4 GHz, 1.29 kwenye mzigo. Umeme unaoliwa na prosesa unakwenda na kasi mara mraba wa volteji, kwa hiyo punguzo dogo la volteji linalipa kuliko linavyoonekana: viini vimeshuka hadi nyuzi 71 chumba kikiwa na joto lilelile. Kwenye kurenda kwa saa nzima napoteza kama dakika moja na nusu. Kwa joto la Januari na Februari hapa Dar, hiyo dakika na nusu naitoa kwa moyo mweupe.

Majaribio ya sasa ni tofauti na ya mwanzo: usiku mmoja Prime95, usiku mwingine mashine iko wazi bila kazi, kisha kuilaza na kuiamsha mara kwa mara, kisha kurenda harusi nzima. WHEA iko tupu.

Kilichobaki ni RAM. Vipande ni vya kasi ya 1600 lakini bado nimeviacha kwenye 1333 ili visiingilie uchunguzi. Awamu ijayo nitapandisha hiyo peke yake, nikianza na MemTest86+, na kizidisho kitabaki 44.