Jibu la gesti lisiishie kwenye spamu: SPF, DKIM na DMARC kwa domeini za Lamu

Mgeni yuko Milano, ameandika kutaka chumba Shela. Gesti imemjibu siku hiyo hiyo, lakini jibu limeangukia folda ya spamu. Yeye ahesabu kwamba hakujibiwa, atafuta kwengine. Chumba kimepotea bila mtu kujua sababu.

Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zinataka kila mtumaji awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini) au DKIM (saini ya kidijitali ya barua), na anayepeleka Gmail barua 5,000 au zaidi kwa siku awe na zote mbili pamoja na DMARC (agizo la nini kifanyiwe barua isiyothibitika). Hakuna gesti Lamu itakayofika idadi hiyo. Hata hivyo, ningeziweka zote tatu kwa nyumba ya vyumba vinne tu. Bila DMARC, tapeli anaweza kuandika kwa jina la gesti na kumtaka mgeni alipe amana kwenye akaunti isiyokuwa yao.

Kazi yenyewe haianzii kwenye DNS, daftari la mtandaoni la rekodi za domeini. Inaanza kwa kuuliza: nani na nani wanatuma barua kwa jina la domeini hii? Mwenye gesti atakutajia sanduku lake la barua, basi. Ukimchimba zaidi ndipo hutokea fomu ya tovuti, mfumo wa kuwekea vyumba, na huduma ya jarida iliyofunguliwa zamani na bado inatuma. Andika zote. Utakayoisahau leo ndiyo itakayokataliwa siku utakapokaza DMARC izuie barua zisizothibitika.

Kisha jua rekodi za DNS zinakaa wapi, kwa amri ya dig (weka domeini yako pahala pa mfano.co.ke):

dig NS mfano.co.ke +short

Wengi huhariri Zone Editor ya cPanel (paneli ya kusimamia hosti) ilhali seva za majina zinaelekea kwengine, kwa msajili au Cloudflare. Rekodi inaonekana nzuri kwenye skrini, lakini hakuna anayeisoma.

SPF ni rekodi moja ya TXT (ya maandishi) kwenye domeini yenyewe:

v=spf1 ip4:192.0.2.10 include:_spf.google.com ~all

Weka IP ambayo seva yako hutumia kutoa barua. Kwenye seva ya pamoja huenda si ile ya tovuti, kwa hiyo iulize kampuni inayokuhifadhia. Rekodi mbili za v=spf1 ni kosa, na matokeo yake ni permerror (kosa la kudumu), kama kwamba huna kitu. Ikiwa ipo ya zamani, ziunganishe. Pia SPF ina kikomo cha maulizo 10 ya DNS: include, a na mx huhesabiwa, pamoja na include zilizomo ndani ya include; ip4 haihesabiwi. Huduma uliyoacha kuitumia, itoe.

DKIM hutia saini ndani ya barua. Kwenye cPanel, ukurasa wa Email Deliverability hukupa ufunguo, na jina la rekodi huwa default._domainkey. Hapa pana mtego: paneli nyingi za DNS huongeza domeini zenyewe, kwa hiyo ukibandika jina zima utapata default._domainkey.mfano.co.ke.mfano.co.ke. Ufunguo wa biti 2048 nao huzidi herufi 255 za kamba moja ya TXT. Baadhi ya paneli huukata kimya kimya. Hakiki kwa dig, uone kama mwisho wake umefika. Kwa Google Workspace, kuweka rekodi ya google._domainkey hakutoshi. Lazima urudi kwenye ukurasa wa msimamizi ubonyeze kuanza uthibitishaji, la sivyo barua zitaendelea kusainiwa kwa domeini ya Google inayoishia gappssmtp.com.

Hapo ndipo pagumu, na ndipo wengi hukwama: SPF na DKIM zinaweza kupita zote na DMARC ikaanguka. DMARC hutazama anwani ya From, ile anayoiona mgeni, na hutaka angalau moja kati ya hizo mbili ipite kwa domeini hiyo hiyo. Fomu ya tovuti ndiyo mkosaji mkubwa. Barua inayotumwa kwa mail() ya PHP mara nyingi hubeba Return-Path (anwani ya kurudishia barua, ambayo ndiyo SPF huitazama) yenye jina la seva ya hosti, kwa hiyo SPF hupita kwa jina la hosti, si la gesti. Mbaya zaidi ni fomu inayoweka anwani ya mgeni kwenye From. Ielekeze fomu itume kwa SMTP yenye nywila, bandari 587 au 465, From iwe sanduku halisi la domeini, na anwani ya mgeni ikae kwenye Reply-To. Huduma ya jarida nayo ipe DKIM ya domeini yenu.

DMARC yenyewe ni TXT kwenye _dmarc:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@mfano.co.ke

Hapa p=none haizuii kitu, na rua ni anwani ya kupokea ripoti za barua zilizotumwa kwa jina la domeini. Ripoti huja kama XML iliyobanwa, kwa kawaida kila siku. Ukitaka ripoti za wateja wako wote zije kwenye domeini yako, domeini yako lazima ikubali, kwa TXT ya v=DMARC1 kwenye mfano.co.ke._report._dmarc ikifuatiwa na jina la domeini yako.

Kupima ni rahisi. Tuma barua kwa Gmail, ifungue kwenye kompyuta (programu ya simu haina sehemu hii), bonyeza nukta tatu, chagua kuona ujumbe wa asili. Juu utaona mistari mitatu: SPF, DKIM, DMARC. Pima kila chanzo ulichoandika, fomu ikiwemo.

Ripoti zikiwa safi, panda hadi p=quarantine (barua isiyothibitika iende spamu), kisha p=reject (ikataliwe). Usifanye hivyo Desemba gesti zikiwa zimejaa. Subiri masika, Mei, wageni wakipungua. Barua zinazopitishwa kutoka sanduku moja hadi jengine huvunja SPF, ila DKIM huzibeba ikiwa hazikubadilishwa njiani.

Domeini iliyonunuliwa ikawekwa tu, isiyotuma barua, ipe v=spf1 -all (hakuna seva inayoruhusiwa) na DMARC ya p=reject leo hii. Hiyo haina ripoti za kungojea.