Tulifuata kabati, tukarudi na mishumaa

Jumamosi baba watoto kaniambia, "Mama Zuu, twende IKEA ya Kungens Kurva mara moja tu, tuchukue kabati la viatu." Mara moja! Duka lile la samani lipo hapa Stockholm tangu 1965, na mishale ya sakafuni inakuzungusha sebule, jikoni, vyumba vya watoto, vyote, kabla hujauona mlango wa kutokea. Nageuka, mwenzangu kajilaza kwenye kitanda cha maonyesho, miguu inaning'inia nje, eti anapima godoro. Kidogo aanze kukoroma. Aibu niliyoiona!

Mimi kwenda sipendi, ila nikishafika hunitoi. Dar ningeenda zangu Keko, nimwonyeshe fundi picha kwenye simu, tupatane bei, aniambie "njoo Ijumaa". Ijumaa ipi, Mungu ndiye ajuaye. Huku unabeba boksi la vipande, ukifika nyumbani fundi ni wewe na kale kachuma kalikopinda ka kukazia skrubu.

Kabati lenyewe? Tumelisahau. Tumerudi na mishumaa mia, vikombe sita na mifuko miwili ya zile nyama za mviringo (kababu zisizo na pilipili, jamani). Viatu bado vimetapakaa mlangoni.