Fundi ni mimi: siku moja maishani mwangu

Saa 11 alfajiri. Niliamka, nikavaa suruali ya kazi na buti, nikakagua mkoba wa zana: testa, multimita, kifaa cha kupimia insulesheni (kinga inayozuia umeme kuvuja), plaizi, bisibisi, tepu, na kufuli langu la kufungia swichi kuu. Mimi ni fundi umeme, na ni mwanamke. Cheti ninacho, leseni ninayo, na kazi naipenda. Watu hudhani kinachonichosha ni kupanda ngazi na hofu ya shoti. Ngazi nimeizoea, na umeme una kanuni zake, ukizifuata haukugeuki. Kinachonichosha ni kwamba kila nikifika mahali lazima kwanza nithibitishe kuwa mimi ndiye fundi, ndipo nianze kazi niliyoitiwa. Naandika siku hii ili mwione hiyo kazi ya pili, ambayo hakuna anayeilipia.

Saa 1 na nusu asubuhi. Nilipita duka la vifaa vya umeme. Nikataja ninachotaka: waya wa milimita 2.5, breka za ampea 20, tepu mbili. Muuzaji akaniuliza, "Aliyekutuma amesema za kampuni gani?" Nikamwambia sijatumwa. Akafungasha. Niliulizia na glavu, zote zikawa za mkono mpana kuliko wangu. Glavu inayopwaya haikuruhusu kuishika skrubu, kwa hiyo mtu huivua, na ajali nyingi huanzia hapo. Nikaondoka bila glavu.

Saa 3. Soketi mbili na swichi moja kwa mteja wa zamani. Ananijua, kazi ikaisha upesi.

Saa 4 na robo. Hapa ndipo asubuhi yangu ilipoishia.

Mwenye nyumba alifungua mlango, macho yake yakanipita, akampa mkono kijana ninayemfundisha kazi. "Fundi, karibu sana, tumekungoja."

Kijana akasema, "Fundi ni dada. Mimi najifunza kwake."

Yule baba akanisalimia vizuri tu, kisha akamgeukia kijana tena. "Sasa fundi, tatizo lenyewe ni hili." Wakiwasha hita ya maji, baada ya dakika chache nyumba nzima inazimika. Fundi aliyekuja kabla yetu alisema kile kifaa cha kukata umeme kimechoka, akashauri kiondolewe, iwekwe breka kubwa ya kawaida. Breka alikuwa ameshainunua, ameishika mkononi, na akawa anampa kijana.

Nikaomba nieleze. Kifaa kile kinalinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa laivu na unaorudi kwa nyutro. Vikitofautiana kwa miliampea 30 au hata pungufu, kinakata, kwa sababu kiasi kilichokosekana kimepita pengine: kwenye chuma, kwenye maji, au kwenye mwili wa mtu. Breka ya kawaida haioni jambo hilo. Kazi yake ni kuulinda waya usibebe mzigo unaouzidi. Ukikitoa kifaa ukaweka breka, taa hazitazimika tena, ila atakayeshika bomba la kuogea ndiye atakayepitiwa na umeme.

Alinisikiliza huku anamtazama kijana. Nilipomaliza akamuuliza, "Eti ni kweli?" Anamuuliza mtu ambaye bado sijamruhusu kufungua paneli peke yake.

Nikazima swichi kuu, nikaifunga kwa kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. Testa naijaribu kwanza mahali penye umeme ninaoujua, napima nyaya, kisha narudi kuijaribu tena palepale, nisije nikaamini testa iliyokufa. Yule baba akamwambia kijana, "Mwangalie asije akaungua." Nikapima insulesheni ya njia moja moja kwa volti 500. Taa nzima, soketi nzima. Waya wa hita, nilipoutenga na hita, mzima. Hita yenyewe ikasoma chini ya megaohm 1, yaani inavujisha umeme. Kijana akayaandika yote kwenye daftari, na kila alipoandika yule baba alichungulia daftari. Skrini ya kifaa, iliyokuwa mbele yake mkononi mwangu, hakuitazama.

Akapiga simu. Shemeji yake anaufahamu umeme, alisema. Akaweka sauti kubwa, akamsogezea kijana simu. "Ongea naye, fundi." Kijana akanitazama, nikamwitikia kwa kichwa, akarudia maneno yangu neno kwa neno: miliampea 30, waya mzima, hita mbovu. Sauti ikajibu, "Huyo fundi anajua kazi, mwachie afanye." Yule baba akampigapiga kijana begani. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya hita, nimeshika koili niliyokwisha kuichomoa, maji yananitiririka hadi kwenye kiwiko.

Nikamwonyesha koili. Karibu na shingo palikuwa na tundu dogo lenye ukingo wa kahawia, kutu imekula ganda. Maji yalikuwa yanaingia ndani, na koili ikianza kupata moto uvujaji unazidi hadi kifaa kinakata. Aligusa tundu kwa kidole. "Kumbe," akasema. Akamwambia kijana.

Niliudhika, tena sana. Si kwa ajili ya salamu, hizo nimezipoteza nyingi. Mlangoni mwa bafu alikuwa amesimama mtoto wa nyumba ile, taulo begani, anasubiri tumalize aoge. Muda wote baba yake alipokuwa akitafuta mwanamume wa kumthibitishia, mimi nilikuwa namwangalia mtoto yule. Kama breka ile ingefungwa na fundi wa kwanza, na ilibaki kidogo tu ifungwe kwa kuwa aliyeishauri alikuwa mwanamume, asubuhi ileile mtoto angefungua maji.

Nilifunga koili mpya, nikapima tena, nikawasha, tukasubiri maji yachemke. Hakuna kilichozimika. Akaniuliza, "Mumeo anakuruhusu kuingia nyumba za watu?" Nikamwambia, "Kifaa hiki usikiondoe kamwe." Malipo akamhesabia kijana mkononi. Kijana akanipa palepale mbele yake. Nikaandika risiti, jina langu, namba ya leseni na simu, nikatia saini. Akaisoma hadi mwisho, akaikunja, kisha akamwomba kijana namba yake ya simu.

Kazi ya saa moja ilikuwa imetuchukua hadi karibu saa 7.

Saa 8 mchana. Kikao kwenye jengo linalojengwa. Sijakaa vizuri, msimamizi akasema, "Dada atatuandikia kumbukumbu." Nikamjibu kwamba nimekuja kueleza michoro ya umeme ya jengo zima, siwezi kueleza na kuandika kwa wakati mmoja. Wakanyamaza kwa muda, mwishowe akaandika mwenyewe.

Kwenye mchoro, paneli ya ghorofa ya pili imewekwa chini kabisa ya bomba la maji taka la bafu la juu. Nikasema ihamishwe, kwani bomba hilo likivuja siku moja, maji yataishia kwenye paneli. Mazungumzo yakaenda kwenye rangi za kuta. Baadaye fundi bomba akasema, "Hivi ile paneli pale chini ya bomba si hatari?" Msimamizi akainua kalamu. "Hoja nzuri sana." Nikaingilia kabla hajaandika jina: hoja hiyo nimeitoa mimi, na mchoro wa mabadiliko huu hapa. Nikautandaza mezani. Fundi bomba, namshukuru, akasema wazi kwamba ameisikia kwangu. Ikaandikwa kwa jina langu.

Baada ya hapo sikuitazama saa tena. Tulivuta kebo kutoka chini hadi ghorofa ya nne. Kazi hii inataka mwendo mmoja, wa chini anasukuma na wa juu anavuta, na ikikwama unarudi nyuma kidogo. Vijana wa ujenzi walikuja kuninyang'anya kebo, "Acha dada, hii ya wanaume," mmoja akaivuta kwa nguvu zake zote pale ilipokwama hadi ganda likachunika. Kipande kile kikatupwa, tukaanza upya. Mabega yakawaka moto. Choo ni kimoja na mlango hauna komeo, kwa hiyo tangu mchana nilikuwa najizuia kunywa maji.

Tukiwa tumekaa kwenye ngazi, kijana akaniuliza kama huwa sichoki na maneno ya watu. Nikamsimulia habari za Hertha Ayrton, Mwingereza aliyechunguza taa za tao la umeme, zile zilizotoa mwanga kwa umeme unaoruka kati ya vijiti viwili vya kaboni. Taa zile zilikuwa zikilia na kupepesa, na yeye ndiye aliyeonyesha kwamba ni oksijeni inayofika kwenye ncha ya kaboni. Mwaka 1899 chama cha wahandisi wa umeme cha kwao kilimpokea, mwanamke wa kwanza. Lakini mwaka 1901 andiko lake lilipofika Royal Society, chama cha wanasayansi cha kwao, lilisomwa na mwanamume, John Perry, kwa kuwa yeye kama mwanamke hakuruhusiwa kulisoma. Mwaka 1902 wakakataa kumfanya mwanachama kwa hoja kwamba ni mke wa mtu. Mwaka 1906 wakampa nishani ya Hughes. Wanawake wa kwanza kupokewa uanachama pale, wawili kwa pamoja, walisubiri hadi 1945.

Kijana akafikiri, akasema, "Kwa hiyo leo mimi nilikuwa John Perry."

Nikamwambia kesho mteja akimgeukia, asinijibie. Asirudie maneno yangu, hata kwa nia njema. Ainamie zana, mteja atapata wa kumuuliza.

"Ataniona nina kiburi."

"Akuone."

Giza lilikuwa limeshaingia nilipofika nyumbani. Simu ikaita: yule baba wa asubuhi. Alikuwa amempigia kijana, kijana akamwelekeza kwangu na kukata. Safari hii akaniita fundi. Kuna hita ya pili, ya bafu la wageni, nayo anaitilia shaka. Nikamwambia asiiwashe, azime swichi yake, na watoto wasiingie bafu hilo hadi nitakapofika kesho kutwa saa 3. Breka ile kubwa nikamwambia airudishe alikoinunua.