Uzamili wa uhandisi kemikali Ujerumani: kamati ya udahili hutazama nini zaidi ya GPA

Vijana wa nyumbani Tanzania wanaotaka kuja huku Ujerumani kusoma uzamili wa uhandisi kemikali huniuliza kwanza kama GPA yao inatosha. Swali ni la haki na jibu lake ni la hesabu, ingawa kwa ninavyoona si hapo maombi mengi yanapokwama.

Tuimalize hesabu hiyo kwanza. Alama za Wajerumani huenda kinyume na zetu: 1.0 ndiyo ya juu kabisa na 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu. Ili kulinganisha, vyuo hutumia kanuni iitwayo ya Bavaria, ambayo hutoa alama uliyopata kutoka alama ya juu kabisa ya mfumo wako, hugawa kwa tofauti iliyopo kati ya alama hiyo ya juu na ile ya chini ya kufaulu, huzidisha kwa 3, kisha huongeza 1. Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kilele ni 5.0 na kufaulu huanzia 2.0, akiwa na 3.8 huhesabiwa kuwa na 2.2. Kikomo kinachoonekana mara kwa mara ni 2.5, nacho kwa hesabu hiyo ni sawasawa na 3.5 yetu, yaani pale pale daraja la pili la juu linapoanzia.

Kazi kubwa iko kwenye masomo yenyewe. Kamati ya udahili hulinganisha shahada yako ya kwanza na ile inayofundishwa kwao, somo kwa somo: hisabati hadi milinganyo ya tofauti, mizania ya maada na nishati, themodinamiki, mtiririko wa viowevu, uhamishaji wa joto na wa maada, mbinu za kutenganisha mchanganyiko, usanifu wa riakta na udhibiti wa mitambo. Transkripti haielezi mada zilizofundishwa, na jina la somo peke yake halimwambii mtu wa Hamburg au Magdeburg mliishia wapi. Ndiyo maana huombwa maelezo rasmi ya kila somo: mada zilizofundishwa, saa za darasani na za maabara, namna ya kupimwa, na mzigo wa krediti.

Hapo kwenye krediti pana mtego. Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka una krediti 120. Krediti moja ya Ulaya ni saa 25 hadi 30, na mwaka una 60. Somo la themodinamiki la krediti 12 ni saa 120, ambazo kwa kipimo cha huku ni krediti 4 au zaidi kidogo, wakati chuo kinaweza kutaka 6. Afanyaye kazi ya kugawa kwa mbili tu, kwa kuwa 120 ni mara mbili ya 60, hujiandikia 6 na kutarajia kila ofisi ikubali. Heri uweke saa zenyewe wazi, na kama themodinamiki mlifundishwa kwa mihula miwili, masomo yote mawili yaonekane kwa pamoja.

Waliosoma kemia tupu ndio hupata taabu zaidi. Kijana mmoja niliyemsaidia kupanga maombi alikuwa na alama nzuri za kemia ogania na ya uchanganuzi, lakini hakuwa na somo hata moja la uhamishaji wa joto. Chuo kimoja kilimkataa. Kingine kilimpokea kwa sharti la kufanya mitihani kadhaa ya shahada ya kwanza katika mwaka wake wa mwanzo, sambamba na masomo ya uzamili. Alikubali, na mwaka huo ulikuwa mzito kwelikweli.

Lugha inategemea programu. Za Kiingereza zipo, kwa mfano Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Hamburg na Chuo Kikuu cha Otto von Guericke kilichoko Magdeburg, na hizo hutaka mtihani wa Kiingereza wa IELTS au TOEFL. Barua ya kusema ulifundishwa kwa Kiingereza hupokelewa na baadhi tu. Za Kijerumani ni nyingi zaidi, nazo kwa kawaida hudai mtihani wa Kijerumani: kiwango cha DSH-2 katika mtihani wa DSH unaotolewa na vyuo, au alama ya 4 katika kila sehemu ya mtihani wa TestDaF. Barua za wahadhiri na barua ya kueleza nia zina uzito mdogo kuliko wengi wanavyodhani, isipokuwa unapoomba ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi.

Kuhusu ada, majimbo mengi bado hayatozi, lakini Baden-Württemberg hutoza wageni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza kutoza muhula wa baridi wa 2024/25. Viza nayo hudai uthibitisho wa fedha za kujikimu, ambao mwishoni mwa 2024 ulikuwa yuro 11,904 kwa mwaka katika akaunti maalumu.

Yale maelezo ya masomo yachukueni idarani kabla ya kuondoka chuoni, yakiwa na mhuri na ya mtaala uleule mliosomea, kwa sababu mitaala hubadilishwa, na ya zamani huwa kazi kuitafuta kwenye makabati ya idara.