Siku moja gereji: Land Rover ya zamani inayoamka haina moto

Saa 1:00 asubuhi

Kabla ya kushika mita, weka kiganja mgongoni mwa altaneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Land Rover Series III hii, 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ya petroli, imelala uani tangu jana jioni, na asubuhi za Arusha mwezi wa saba chuma chochote ukikishika kinauma kwa baridi. Injini ya baridi, rejeta ya baridi, lakini altaneta, yaani ileile iliyokuja na gari, modeli 16ACR ya kampuni ya Lucas, ina uvuguvugu kama kikombe cha chai kilichosahaulika mezani. Gari halijawashwa kwa saa 13. Joto hilo ni moto (umeme) wa betri, umekuwa ukipita humo usiku kucha.

Kiganja hakitoi namba, kwa hiyo bado tutapima kila kitu. Ila tayari tunajua pa kutazama.

Saa 1:30

Lalamiko la mwenye gari: likiegeshwa Ijumaa, Jumatatu stata inagonga "tik" na kunyamaza. Betri iliyopo ni ya pili ndani ya mwaka mmoja. Wenye magari ya zamani wanapoteza pesa nyingi hapa. Betri inalaumiwa, inabadilishwa, na mpya nayo inanyonywa hadi pleti zake zinashika salfa. Betri ya kuwashia gari haikutengenezwa ishushwe chini kila wiki, na ikifanyiwa hivyo mara chache tu, haikurudishii uwezo wake wote.

Jana jioni, baada ya kuchajiwa na kupumzishwa, ilisoma volti 12.66. Leo 12.51. Volti 12.2 ni kama nusu ya chaji, na 12.0 ni karibu robo. Haidromita, kipima uzito wa asidi, inatoa 1.250 hadi 1.255 kwenye vyumba vyote sita. Kinachotafutwa hapo ni tofauti: chumba kimoja kikipishana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, betri yenyewe ni mbovu na hakuna haja ya kuhangaika na nyaya. Hii ni nzima.

Saa 2:15

Uso wa betri una utando wa unyevu na vumbi. Tumeweka ncha nyeusi ya mita kwenye kichwa cha hasi, nyekundu tukaiburuza juu ya plastiki: volti 0.8. Uchafu wenye asidi unapitisha umeme kutoka kichwa hadi kichwa. Ni kidogo, lakini hauna mapumziko. Vijiko viwili vya magadi soda ya kupikia kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, brashi, kisha maji safi. Vifuniko vyote viwe vimekazwa, maana magadi yakiingia ndani yanaiua asidi.

Saa 3:00

Kwanza spana kwenye athi, yaani upande wa betri ulioungwa na bodi, daima; hapa ni hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umepiga shoti ya mamia ya ampea mkononi mwako. (Series III athi yake ni hasi. Land Rover za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 nyingi zilitoka kiwandani na athi ya chanya, kwa hiyo angalia waya unaokwenda bodi kabla hujagusa.)

Kati ya kichwa cha hasi na waya wake tunaweka kwanza balbu ya wati 21, ile ya indiketa. Ikiwaka kwa nguvu kuna ampea nzima inayovuja au zaidi, na mita ingeweza kuungua fyuzi. Haikuwaka. Sasa mita, waya mwekundu kwenye tundu la 10A, na asiwepo wa kupiga stata.

Ampea 0.46.

Hesabu yake: 0.46 mara saa 24 ni Ah (ampea-saa) 11 kwa siku. Betri ni ya Ah 60. Siku tatu zimekula 33, zaidi ya nusu. Lalamiko la Ijumaa hadi Jumatatu limekaa sawasawa na namba. Hesabu hii ifanywe kila mara, kwa sababu kama uvujaji uliopatikana hautoshi kuua betri kwa muda aliousema mwenye gari, bado kuna mwingine.

Saa 3:40

Fyuzi, moja baada ya nyingine, jicho kwenye mita. 0.46, 0.46, 0.46, 0.46. Hakuna kilichobadilika.

Wengi hukata tamaa hapa, ilhali fyuzi zimeshatuambia mengi. Katika rangi za Lucas, waya wa kahawia una moto wa betri muda wote na haujapita kwenye fyuzi. Unakwenda altaneta, swichi ya funguo na swichi ya taa. Basi tunafuata kahawia.

Tukiwa hapo hapo: fyuzi za kioo za Lucas zilizoandikwa 35 zinakatika kwa ampea 35, lakini za kubeba muda wote ni 17 tu. Ukinunua fyuzi ya kawaida iliyoandikwa 35 umeweka kinga mara mbili ya inayotakiwa, na waya utaungua kabla yake.

Saa 4:10

Tumechomoa plagi ya altaneta. Mita ikaanguka kutoka 0.46 hadi 0.04.

Ushahidi mwingine, kabla ya kufungua chochote: tumerudisha plagi na waya wa betri, tukafunika dashibodi kwa koti zito. Ufunguo umetolewa, lakini taa ya chaji ina wekundu hafifu, unaouona gizani tu. Dayodi, kipande kinachopaswa kupitisha moto upande mmoja tu, moja ya upande wa chanya inarudisha moto kinyume. Moto unaingia kwenye koili za altaneta, unapita dayodi tatu ndogo, unaamsha regyuleta (kidhibiti cha chaji) na rota (sehemu inayozunguka), na mwingine unatorokea kwenye taa. Ndiyo maana mgongo ulikuwa na joto.

Ile 0.04 iliyobaki ni redio. Aliyeifunga alisokota pamoja waya wa njano wa kumbukumbu na mwekundu wa funguo, akaupeleka moja kwa moja betri bila fyuzi. Mwekundu tumeuhamishia kwenye mkondo wa funguo, njano ikapata fyuzi yake. Mita: 0.005.

Saa 6:00 mchana

Altaneta iko mezani. Kipimo cha dayodi cha mita kilionyesha zote nzima, na hicho ndicho kinachodanganya mafundi wengi: mita inasukuma volti chache mno. Tumia betri ya volti 12 na balbu ndogo ya wati 1.5. Kila dayodi iwashe balbu upande mmoja tu. Moja iliiwasha vizuri upande huu, na kwa wekundu upande wa pili. Ni hiyo.

Sahani nzima ya dayodi inabadilishwa. Nyaya tatu za koili zimelehemiwa, kwa hiyo shika mguu wa dayodi kwa koleo nyembamba wakati wa kulehemu ili joto liishie kwenye koleo, na pasi ya kulehemu iwe yenye nguvu ili kazi iishe kwa sekunde chache. Pasi dhaifu inakaa muda mrefu na kuua dayodi mpya.

Saa 9:30

Imerudi garini. Ufunguo ukifunguliwa taa ya chaji inawaka, injini ikiunguruma inazimika. Kwenye betri volti 14.2. Mita ikihamishiwa AC (mkondo geu) inasoma volti 0.03. Ingepita 0.5, dayodi bado zina tatizo.

Saa 10:45

Baada ya kuzunguka kilomita 15, altaneta ikiwa ya moto, tumepima tena uvujaji, kwa sababu dayodi mbovu huvuja zaidi ikipata joto. 0.005. Ni Ah 0.12 kwa siku.

Saa 12:00 jioni

Taa kubwa zimewashwa dakika mbili kuondoa chaji ya juujuu, zikazimwa, betri ikapumzika. 12.68, imeandikwa kwa chaki kwenye kioo cha mbele. Gari linalala hapa usiku mmoja zaidi, nyaya zote zikiwa zimefungwa, na halitoki mpaka namba ya asubuhi iandikwe chini ya hiyo.